Majengo ya Mwaka 1973 na Istilahi Zetu za Ujenzi: Umbo na Utendaji

Utangulizi

Mwaka 1973 una mahali pake maalumu katika historia ya ujenzi duniani. Tarehe 4 Aprili ya mwaka huo majengo mawili pacha ya Kituo cha Biashara cha Dunia yalizinduliwa rasmi mjini New York. Mwezi Mei jengo la Sears mjini Chicago lilifikia kimo chake kamili cha mita 442, likayapita majengo yote ya dunia, na sifa hiyo likabaki nayo mpaka mwaka 1998. Mwezi Septemba lilifunguliwa Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta mjini Nairobi. Na tarehe 20 Oktoba Malkia Elizabeth wa Pili alifungua Jumba la Opera la Sydney, nchini Australia. Ni nadra mwaka mmoja kuzaa kazi nne za namna hii, kila moja ikiwa na njia yake ya kusimama.

Makala haya hayakusudii kuyasifu majengo hayo, wala kuyashutumu kwa sura zake. Tunakusudia kuyafanya mizani ya kupimia istilahi zetu. Swali letu ni hili: mtu akitaka kueleza kwa Kiswahili jinsi majengo hayo yanavyosimama, wala si jinsi yanavyoonekana tu, je, anayo maneno ya kutumia? Jibu letu ni kwamba maneno anayo, tena mengi. Kinachopungua ni kanuni ya kuyachagua. Mara nyingi istilahi zetu hufuata picha ambayo watu wa lugha nyingine waliiona walipokitazama kitu kwa mbali. Picha hiyo ikiwa ya uongo, tunautafsiri uongo huo kwa uaminifu mkubwa. Sisi twashikilia kwamba istilahi ya ujenzi haina budi kutokana na kazi ambayo kitu hufanya.

Paa la Sydney: tanga, gamba au taruma?

Jumba la Opera la Sydney lilitokana na mashindano yaliyovutia michoro zaidi ya 200. Mnamo Januari 1957 ushindi ulitangazwa kuwa wa Jørn Utzon, raia wa Denmark aliyekuwa na umri wa miaka 38. Kwa kuwa jumba lenyewe limejitokeza baharini kwenye ncha ya nchi kavu, na mapaa yake ni meupe yaliyochongoka, watu wamezoea kuyaita matanga. Waandishi wa Kiingereza, kwa upande wao, wameyapa jina ambalo katika lugha yao ni la gamba la kobe, kaka la yai na kombe la chaza. Mfasiri wa haraka, basi, atakuwa na njia mbili mbele yake: ataandika matanga au ataandika magamba. Hebu tuzitazame zote mbili.

Kila mtu wa pwani ajua kwamba tanga ni kitambaa, na kwamba hufanya kazi kwa kuvutwa. Foromali hulishika, demani hulikaza, na upepo hulijaza. Zege ni kinyume cha tanga. Zege lina nguvu nyingi likigandamizwa, lakini likivutwa hupasuka. Ndiyo sababu likatiwa nondo. Kuliita paa la zege tanga ni kumwambia mwanafunzi kwamba linavutika, hali kadiri lilivyo zito ndivyo linavyojigandamiza. Mshairi akilitumia neno hilo hatuna ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na kitabu cha shule kitakaloliweka katika orodha ya istilahi.

Ama kuhusu gamba, kosa lake halionekani upesi, na kwa hiyo ni la hatari zaidi. Yai lina kaka jembamba ambalo hujibeba kwa mpindo wake wenyewe, pasipo boriti wala mbavu. Yapo kweli mapaa ya zege ya namna hiyo. Paa la mkahawa wa Los Manantiales huko Xochimilco, Meksiko, lililojengwa na Félix Candela mwaka 1958, lina unene wa sentimita 4 hivi, na hilo ndilo linalostahili kulinganishwa na kaka la yai. Utzon alianza kwa kuliwazia paa la Sydney vivyo hivyo. Lakini wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walihangaika miaka kadhaa na hesabu zake, wakaona kwamba maumbo yaliyochorwa hayakubali kusimama kama kaka. Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1961. Vipande vyote vya paa vilikatwa katika uso wa tufe moja lenye nusukipenyo cha mita 75 hivi, kama mtu aliyemenya chungwa moja kisha akayasimamisha maganda yake. Maadamu mpindo ulikuwa mmoja, mbavu za zege ziliweza kumiminwa vipande vipande katika kalibu zile zile, zikapandishwa, zikaunganishwa kwa gundi na kukazwa kwa nyaya za chuma. Juu ya mbavu hizo vikalazwa vifuniko vilivyobandikwa vigae zaidi ya milioni moja.

Kwa hiyo jina la gamba ni kosa hata katika lugha lilikotoka. Lilibaki kwa mazoea baada ya wazo lenyewe kuachwa. Je, na sisi tulirithi kosa ambalo wenyewe wahandisi walilisahihisha kwa vitendo? Hapana haja, kwani neno tunalo. Waundaji wa majahazi huita taruma ule mti uliopinda ambao hushika mbao za ubavu wa chombo kutoka ndani. Paa la Sydney ni hilo hasa: mataruma ya zege yaliyofunikwa kwa vigae. Watu walioliona chombo katika jumba lile hawakukosea. Walichagua tu kiungo kisicho chake. Tunapendekeza, basi, kusema paa la mataruma pale mbavu zilizopinda zinapobeba mzigo, na paa la kaka pale unene mdogo unapojibeba kwa mpindo wake. Mwanafunzi atakayejifunza maneno haya mawili atakuwa amejifunza pia tofauti baina ya vitu viwili.

Ukuta usio ukuta: New York

Majengo pacha ya New York yalisanifiwa na Minoru Yamasaki, kila moja likiwa na ghorofa 110. Hapa tatizo letu ni neno la kawaida kabisa, yaani ukuta. Katika nyumba ya mawe ya mji wa pwani, ukuta ndio ubebao boriti na dari. Katika majengo marefu mengi ya karne ya ishirini, ukuta haubebi kitu. Nguzo na boriti zilizo ndani ndizo zenye kazi, na ukuta wa vioo umetundikwa nje kama vazi la kukinga mvua na jua. Majengo ya New York yakatoka tena katika desturi hiyo. Uso wake wa nje ulikuwa nguzo za chuma zilizosimamishwa karibu karibu, umbali wa mita moja hivi kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine, na madirisha membamba yakiwa baina yake. Nguzo hizo za nje, pamoja na zile za kiini cha jengo, zilibeba uzito, na hizo za nje ndizo hasa zilizopambana na upepo. Baina ya uso na kiini, sakafu zilibebwa na kenchi ndefu za chuma pasipo nguzo yoyote ya katikati.

Neno ukuta peke yake halitoshi kueleza hali hizi tatu. Tunapendekeza ukuta wa mzigo kwa ule ubebao, na ukuta wa sitara kwa ule unaokinga tu. Na kwa jengo ambalo uso wake wote wa nje ni nguzo zinazofanya kazi kama kitu kimoja, tunapendekeza jengo la mwanzi. Mwanzi ni mtupu ndani, nguvu zake zote zimo katika mzingo, na hupambana na upepo kwa umbile lake zima. Tena una mafundo yanayouzuia usibonyee. Katika majengo yale sakafu ndizo zilizokuwa mafundo.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mapambo ya lugha. Majengo hayo yaliangushwa tarehe 11 Septemba 2001 kwa kugongwa na ndege zilizotekwa, na watu zaidi ya 2,700 walikufa mahali hapo. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 2005 ulieleza kwamba ndege zilikata baadhi ya nguzo na kubandua kinga ya moto iliyopakwa chumani. Moto ukalegeza sakafu, sakafu zikalegea na kuzivuta nguzo za nje kuelekea ndani, mpaka nguzo hizo zikapinda na jengo likaanguka. Maelezo haya yakisemwa kwa neno ukuta tu, msikilizaji hatayafahamu, kwa kuwa ukuta wa vioo kupinda si jambo la kuangusha jengo. Lakini yakisemwa kwamba mafundo ya mwanzi yalilegea, na mzingo wenyewe ukabonyea, hata asiyewahi kuona jengo la ghorofa kumi ataelewa kilichotokea. Istilahi njema hubeba maelezo ndani yake.

Tita la mianzi: Chicago

Jengo la Sears, ambalo tangu mwaka 2009 linaitwa Willis, lilikuwa kazi ya msanifu Bruce Graham na mhandisi Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka. Wafanyakazi wa kwanza waliingia mwaka ule ule wa 1973, ingawa kazi za kumalizia ziliendelea hadi 1974. Khan alichukua mianzi tisa ya mraba, kila mmoja wenye upande wa mita 23 hivi, akaifunga pamoja, tatu kwa tatu. Miwili inakoma ghorofa ya 50, miwili ghorofa ya 66, mitatu ghorofa ya 90, na miwili iliyosalia ndiyo inayofika juu kabisa. Kwa njia hiyo mmoja humwegemea mwenziwe, na jengo hupungua unene kadiri upepo unavyozidi.

Tukisema tita la mianzi, tumekwisha kueleza. Mchukua kuni yeyote ajua kwamba ufito mmoja hupinda na tita halipindi. Hatukuhitaji kuazima neno, wala kuunda neno refu la viambishi vingi ambalo lingehitaji tanbihi.

Mnara, ghorofa na kikwangua-anga

Kuna neno jingine linalopaswa kujadiliwa kabla ya kuondoka katika miji hiyo. Lugha kadhaa za Ulaya huyaita majengo marefu kwa jina lenye maana ya kukwangua anga, na wamekuwako waandishi wetu walioandika kikwangua-anga. Neno hili lina hitilafu mbili. Kwanza, ni tafsiri ya mzaha wa watu wengine, na mzaha ukihamishwa hupoteza ladha yake. Pili, halitaji lolote la jengo ila urefu.

Wengine huandika mnara. Lakini mnara kwetu ni wa kuonekana au wa kusikiwa: mnara wa msikiti, mnara wa taa ya meli. Hauna wapangaji. Jengo la Montparnasse mjini Paris, lenye mita 210, ambalo pia lilifunguliwa mwaka 1973, kwa Kifaransa huitwa mnara. Lakini ni afisi zilizopandana, na ubishi ulioletwa na urefu wake ulifanya jiji hilo liweke mipaka ya kimo mwaka 1977. Watu wetu wamekwisha kulitatua jambo hili pasipo kikao. Neno ghorofa, ambalo asili yake katika Kiarabu ni chumba, lilikuja kuwa tabaka moja la nyumba, kisha likawa nyumba yenyewe yenye matabaka. Anayesema fulani amejenga ghorofa hafikiriwi kuwa amejenga chumba. Tunaona, basi, kwamba ghorofa refu latosha, na mnara uachiwe kazi yake.

Msonge wa Nairobi

Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei pamoja na David Mutiso wa Kenya. Mwezi ule ule wa kufunguliwa kwake, Nairobi iliupokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Lina ghorofa refu la mviringo lenye zaidi ya mita 100, na kando yake ukumbi wenye umbo la pia. Watu wengi huufananisha ukumbi huo na nyumba ya msonge.

Hapa tunakuta kinyume cha Sydney. Kule watu walitumia neno la kigeni lisilofaa. Hapa neno ni letu, zuri, nalo lasifiwa. Hata hivyo nalo tulipime. Msonge si umbo tu. Ni namna ya kujenga kwa miti inayopanda kutoka pande zote, ikasongamana kileleni, ikafungwa kwa fito na kuezekwa nyasi. Ukumbi wa Nairobi ni wa zege, na haukujengwa hivyo. Tukiuita msonge, tutamnyima msonge wa kweli jina lake, na mafundi wake tutawahesabu kuwa watu wa sanamu tu. Yafaa tuseme ukumbi wa umbo la msonge. Maneno hayo mawili, wa umbo, ni madogo, lakini ndiyo yanayotenga sura na utendaji. Neno la sura liingie kwa kiunganishi hicho. Neno la utendaji lisimame peke yake.

Kuhusu jina la jumba, tunafurahi kwamba wengi husema jumba au ukumbi. Kituo, kama tunavyolazimika kusema katika jina lililozoeleka la New York, asili yake ni mahali pa kutua mzigo na kupumzika. Haifai kila jengo la shughuli liitwe kituo kwa sababu tu Kiingereza hutumia neno moja kwa maana zote hizo.

Mbunifu na msanifu

Kazi ya Sydney inatufikisha penye jina la mwenye kazi. Wako wasemao msanifu majengo, wako wasemao mbunifu majengo. Na nchini Tanzania jina la bodi inayowasajili limechukua neno mbunifu. Wanaopinga msanifu hudai kwamba linachanganya na lugha sanifu. Hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa maana shina ni moja: kusanifu ni kufanya jambo kwa ustadi hadi likamilike vizuri.

Kubuni ni kuwazia kisichokuwapo. Ubunifu wa Utzon ulishinda mwaka 1957. Paa lake lilisanifika mwaka 1961. Katika miaka hiyo minne wazo lilikuwako, lakini hapakuwa na paa. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola milioni 7 za Australia, na kazi ilipokwisha ilikuwa imegharimu milioni 102. Utzon mwenyewe alijiuzulu Februari 1966 baada ya kutofautiana na serikali ya jimbo, kazi ikamalizwa na Peter Hall na wenzake, naye hakurudi kamwe kuliona jumba lililokamilika mpaka alipofariki mwaka 2008. Hatusemi kwamba ubunifu ni jambo dogo. Pasipo ubunifu ule Sydney isingekuwa na jumba ambalo mwaka 2007 liliingizwa katika Urithi wa Dunia. Tunasema kwamba taaluma ina nusu mbili, na jina mbunifu lataja nusu ya kwanza tu. Msanifu hujumuisha zote, kwani hakuna awezaye kusanifu asichokibuni au asichobuniwa.

Maneno ya kiwanjani

Kanuni tunayoipendekeza si mpya, wala hatuidai kuwa yetu. Mafundi wa miji yetu wanaifuata kila siku. Zege linalomwagwa juu ya ardhi kabla ya kupandisha kuta waliliita jamvi, kwa kuwa hutandikwa na kila kitu hukaa juu yake. Zege linalozunguka kuta zote juu ya madirisha waliliita mkanda, kwa kuwa hufunga. Hawakuuliza Waingereza wanaonaje. Waliuliza kitu chafanya nini. Na kabla yao waliotuachia kombamoyo na mtambaapanya walifanya vivyo hivyo: jina la pili lamwonyesha hata mgeni mahali mti unapolala, juu ya ukuta, penye njia ya panya.

Kinachotutia wasiwasi ni kwamba kamati hukutana, orodha huletwa kutoka vitabu vya ng'ambo, na maneno hutafsiriwa moja baada ya jingine pasipo fundi hata mmoja kuwapo. Matokeo yake ni istilahi mbili zisizojuana: moja ya kitabuni, nyingine ya kiwanjani. Mchoro huandikwa kwa lugha ya kwanza, na zege humiminwa kwa lugha ya pili. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Hatudai kwamba ni istilahi zilizoliangusha. Lakini twadai kwamba raia anayepita chini ya ghorofa, mpangaji anayelipa kodi, na kibarua anayebeba karai wana haki ya kuuliza kwa lugha yao jengo hili limesimama juu ya nini, na kujibiwa kwa maneno wanayoyaelewa. Asiye na neno la kuulizia hunyamaza, na ukimya huo huwa kinga ya mjenzi mbaya.

Hitimisho

Tunaziomba kamati za istilahi na walimu wa vyuo vya ufundi wayafikirie mapendekezo yafuatayo:

(a) Paa la mataruma: paa linalobebwa na mbavu zilizopinda.
(b) Paa la kaka: paa jembamba linalojibeba kwa mpindo wake, pasipo mbavu.
(c) Ukuta wa mzigo: ukuta unaobeba sakafu au paa.
(d) Ukuta wa sitara: ukuta unaokinga tu, nao hubebwa na jengo.
(e) Jengo la mwanzi: jengo refu ambalo nguzo za mzingo wake hufanya kazi pamoja dhidi ya upepo.
(f) Tita la mianzi: jengo la mianzi kadhaa iliyofungwa pamoja.

Maneno haya si ya mwisho. Fundi wa Tanga au wa Lamu anaweza kuwa na bora kuliko haya, na akiwa nayo, tuyaache yetu na kuyachukua yake. Tunachokishikilia ni utaratibu: kwanza tuulize kitu kinafanya nini, kisha tumtafute mtu ambaye kwa mikono yake amekuwa akifanya kitu cha namna hiyo, katika gati ya majahazi, shambani au juu ya jukwaa la ujenzi, tumsikilize anakiitaje. Ndipo tufungue kamusi ya kigeni.